UZI: Umesaini mkopo kwa maneno ya uongo ya mkopeshaji. Mkataba unakubana kiasi gani?

#1 | mleta_uzi

Wakuu, salaam.

Kila inapozuka habari ya mikopo, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi moja linasema "umesaini kwa mkono wako, lipa." Jingine linajibu "wamekudanganya, mkataba ni batili, usilipe hata senti." Mabishano haya nimeyafuatilia muda mrefu na yananiuma, maana yote mawili yanawapoteza watu ambao tayari wamebanwa. Anayelisikiliza kundi la kwanza anaiacha nyumba iende mnadani bila kuhoji neno. Anayelisikiliza la pili anaacha kulipa kimyakimya, adhabu za kuchelewa zinapanda, halafu anafika mbele ya hakimu hana hata barua moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kulalamika.

Ninavyoielewa sheria, sahihi ina nguvu kubwa, ila nguvu hiyo inasimama tu kama haikupatikana kwa uongo. Uongo ukithibitika, mara nyingi deni lote halifutiki; mkopeshaji anapokonywa kile alichokipata kwa uongo wake. Humo katikati ndimo zilimo kesi nyingi za watu wa kawaida, na ndimo ninapotaka tuzungumze.

Tuanze na sahihi yenyewe. Katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, kuanzia Australia na India hadi Afrika Mashariki, kesi inayotajwa sana ni ya mwaka 1934, L'Estrange dhidi ya Graucob. Mama mwenye mgahawa alinunua mashine ya kuuzia sigara, akasaini fomu yenye maandishi madogo bila kuyasoma. Mashine ikawa mbovu. Mahakama ikasema fomu imembana, kusoma au kutosoma ni juu yake. Wakopeshaji wanaipenda sana kesi hii. Wasichokisema ni kwamba majaji walewale waliweka sharti: kanuni hiyo inatumika pale ambapo hakuna udanganyifu wala maelezo ya uongo.

Miaka 17 baadaye sharti hilo likapata kesi yake, Curtis dhidi ya Chemical Cleaning (1951). Mwanamke alipeleka gauni lake la harusi kwa dobi, akapewa karatasi asaini. Akauliza ni ya nini. Karani akamwambia inaiondolea kampuni lawama iwapo shanga na mapambo ya gauni yataharibika. Kumbe karatasi iliiondolea kampuni lawama ya kila kitu. Gauni likarudi na doa, kampuni ikaitoa ile karatasi, na Mahakama ya Rufaa ikaikatalia: ukimweleza mtu maana ya hati kwa uongo, hata kama hukukusudia ubaya, huwezi kujikinga kwa maandishi ambayo maelezo yako yaliyaficha.

Afisa mikopo anayesema "hii ni fomu ya bima tu, weka sahihi hapa" wakati karatasi inaweka nyumba rehani, yuko palepale alipokuwa yule karani.

Sasa kuna tofauti ambayo watu wengi hawaijui na inawagharimu. Mkataba batili ni ule ambao kisheria haukuwahi kuwepo. Mkataba uliopatikana kwa uongo kwa kawaida si wa aina hiyo. Ni mkataba *unaoweza kubatilishwa*, maana yake uko hai mpaka wewe uliyedanganywa uamue kuuvunja na ulitangaze jambo hilo. Usipouvunja unaendelea kukubana. Ukijua umedanganywa kisha ukaendelea kulipa na kuomba kuongezewa muda kana kwamba hakuna kitu, mahakama inaweza kusema umeuridhia.

Na uongo wenyewe ni upi? "Biashara yako itakua, utalipa bila shida" ni maoni, na maoni peke yake ni vigumu kuyashitaki. "Riba yetu ni asilimia 12" ni jambo la hakika: ama kweli, ama uongo. "Ukifika nusu ya marejesho tutakuongezea mkopo" ni ahadi, na wengi hudhani ahadi haigusiki. Lakini tangu Edgington dhidi ya Fitzmaurice, mwaka 1885, mahakama zinakubali kwamba nia ya mtu nayo ni jambo la hakika. Kama aliyeahidi hakuwa na nia hiyo tangu mwanzo, amesema uongo kuhusu nia yake. Kesi hiyohiyo ilisema uongo si lazima uwe sababu pekee ya wewe kukubali. Inatosha ukiwa mojawapo ya mambo yaliyokusukuma.

Kunyamaza? Kwa kanuni ya jumla mtu halazimiki kumwambia mwenzake kila anachokijua kabla ya mkataba. Ila ukifungua mdomo ukaeleza nusu, ile nusu uliyoificha inaweza kuigeuza uliyoisema kuwa uongo. Hili ndilo eneo wanakoumia watu wengi kuliko uongo wa wazi, kwa hiyo nivumilieni na hesabu kidogo.

Chukua mkopo wa 1,200 (sarafu yoyote) unaolipwa kwa miezi 12, na tangazo linasema "riba asilimia 12 kwa mwaka". Ikiwa riba inapigwa juu ya mtaji wa mwanzo hadi mwisho wa mkopo, utalipa riba ya 144, yaani marejesho ya 112 kila mwezi. Lakini mtaji ulio mikononi mwako unapungua kila ukilipa. Ukipiga hesabu kwa salio linalopungua, unalipa karibu asilimia 21.5 kwa mwaka. Haijaisha. Wakate ada ya 60 juu kwa juu, upokee 1,140, huku marejesho yakibaki 112. Sasa umevuka asilimia 31. Kwenye karatasi hakuna tarakimu hata moja ya uongo, na bado mtu ametoka ofisini akiamini amekopa kwa 12.

Ndiyo maana Marekani, kwa sheria ya mwaka 1968 ya ukweli katika ukopeshaji, iliwalazimisha wakopeshaji kutaja gharama yote kwa kipimo kimoja cha mwaka kinachojumuisha na ada. Na Australia tangu 1974 ina sheria inayokataza katika biashara mwenendo wowote unaopotosha au unaoelekea kupotosha, bila kumtaka mlalamikaji athibitishe kwamba mwenzake alikusudia. Kinachopimwa ni picha iliyojengeka kichwani mwa mlengwa, si usafi wa moyo wa mkopeshaji.

La mwisho kwa sasa. Watakuambia "ungesoma mkataba ungeuona ukweli." Hoja hiyo ilijibiwa mwaka 1881, Redgrave dhidi ya Hurd. Mnunuzi wa sehemu ya ofisi ya uwakili alionyeshwa makaratasi ambayo kama angeyachunguza yangemfichulia kwamba mapato aliyotajiwa ni ya uongo. Hakuyachunguza. Mahakama ikasema aliyedanganya hana haki ya kujitetea kwamba mwenzake alikuwa na nafasi ya kugundua.

Karibuni tuchangie.

---

#2 | mdhamini_mwenye_swali

Mkuu asante kwa uzi, umenigusa nilipo. Mimi sikukopa, nilidhamini. Afisa alituambia dhamana yangu inahusu mkopo ule mmoja wa shemeji yangu na kwamba ikifika mwaka inaisha. Mkopo ule ulilipwa ukaisha. Sasa nimeletewa barua ya mkopo wa pili ambao sikuwahi kuusikia. Nikifungua hati naona imeandikwa "madeni yote ya sasa na ya baadaye". Nimekwisha?

---

#3 | mleta_uzi

Pole sana dada. Hapana, hujakwisha, na swali lako linastahili jibu refu, kwa sababu kesi nzito kuliko zote katika eneo hili ni za wadhamini. Mdhamini anabeba hatari bila kupokea kitu, kwa hiyo mahakama humwangalia kwa jicho jingine.

Kesi kubwa ni Commercial Bank of Australia dhidi ya Amadio, Mahakama Kuu ya Australia, 1983. Wazazi wazee wahamiaji kutoka Italia, Kiingereza chao kidogo, waliweka mali yao rehani kudhamini kampuni ya mtoto wao. Meneja wa benki aliwafuata nyumbani kwao, wakasaini jikoni. Wao waliamini dhamana ina kikomo cha dola 50,000 na cha miezi sita. Hati haikuwa na kikomo chochote. Tena benki ilijua kampuni ile iko taabani, na ilikuwa imeshirikiana na mtoto kuifanya ionekane nzima kwa kuchagua hundi za kulipa na za kurudisha. Meneja hakuwaeleza hali hiyo wala hakuwashauri watafute mshauri wa kujitegemea. Dhamana na rehani vyote vikafutwa.

Angalieni msingi wa hukumu ile. Wazee wale hawakushinda kwa sababu tu walikuwa hawajui. Walishinda kwa sababu benki iliiona hali yao ya udhaifu na bado ikapokea sahihi.

Na je, kama aliyekudanganya si benki bali ni shemeji mwenyewe? Kesi ya kutazama ni Barclays dhidi ya O'Brien, Uingereza, 1993. Mume alimwambia mkewe kwamba rehani ya nyumba ina kikomo cha pauni 60,000 na itadumu wiki tatu. Vyote viwili uongo. Benki yenyewe haikusema uongo, lakini ilijua mke anadhamini madeni ambayo hayana faida kwake, na haikuchukua hatua ya kuhakikisha anaelewa. Mke akashinda. Mwaka 2001, katika kesi ya Etridge, mahakama ileile ya juu ikaweka utaratibu: benki ihakikishe mdhamini wa aina hii ameelezwa na wakili, ana kwa ana, aliyekopa akiwa hayupo. Kwa hiyo swali la kwanza nitakalokuuliza: kuna mwanasheria yeyote aliyekueleza hati ile, ukasaini kwamba umeelezwa? Kama yupo, njia inakuwa nyembamba. Haijafungwa, lakini ni nyembamba.

Swali la pili ni gumu zaidi. *Kama ungeambiwa ukweli, ungesaini nini?*

Mahakama zimetofautiana hapa. Uingereza, katika TSB dhidi ya Camfield (1995), mke aliamini dhamana inaishia pauni 15,000. Benki ikasema basi alipe hizo 15,000 alizokuwa tayari kuzilipa. Mahakama ikakataa, ikafuta yote. Mwaka huohuo Australia, katika Vadasz dhidi ya Pioneer Concrete, mkurugenzi aliambiwa anadhamini manunuzi ya baadaye tu, kumbe hati iligusa na madeni ya nyuma. Mahakama ikasema manunuzi ya baadaye angeyadhamini hata kama angeambiwa ukweli, maana bila hivyo kampuni yake isingepewa mali. Ikamwondolea madeni ya nyuma, ikamwachia yale ya baadaye.

Kwako wewe, jibu lolote kati ya haya mawili linakusaidia, kwa kuwa mkopo wa kwanza umeshalipwa. Unachopinga ni wa pili tu. Usiache hilo lichanganywe na habari ya "anakataa kulipa."

---

#4 | afisa_mstaafu

Naheshimu uzi huu, lakini niseme upande wa pili, nimekaa kwenye idara ya mikopo miaka mingi. Watu wanaelezwa kila kitu, wanatikisa kichwa, wanachukua fedha, biashara ikianguka ndipo wanakumbuka kwamba "hatukuelezwa". Na wakopaji nao wanadanganya: anaficha madeni mengine, analeta taarifa za mapato za kughushi. Mbona hilo hulisemi? Halafu kuthibitisha maneno yaliyosemwa mdomoni ni neno lako dhidi ya karatasi. Mahakama itaamini karatasi.

---

#5 | mleta_uzi

Mzee wangu shikamoo, na asante. Hoja zako mbili ni za kweli na ningekosea kuzipita.

Kuhusu wakopaji wanaoficha: Sheria ya Taifa ya Mikopo ya Afrika Kusini (Na. 34 ya 2005) inamlazimu mkopeshaji apime uwezo wa mkopaji kabla ya kumpa fedha, na asipopima, mahakama inaweza kuahirisha au kufuta wajibu wa mkopaji, wote au sehemu. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 81, inampa mkopeshaji utetezi kamili kama mkopaji hakujibu maswali kwa ukamilifu na kwa kweli, na uongo huo ukaathiri upimaji. Anayekwenda mahakamani kulalamikia uongo huku fomu yake mwenyewe imejaa uongo, ajue atakachokutana nacho.

Kuhusu kisingizio cha "sikujua nilichosaini", mahakama ni kali kweli. Mwaka 1970 Uingereza iliamua kesi ya mama wa miaka 78 ambaye miwani yake ilikuwa imevunjika. Aliambiwa anasaini hati ya kumpa mpwa wake nyumba. Kumbe ilikuwa ya kumuuzia rafiki wa mpwa, ambaye akaiweka rehani kwa taasisi ya mikopo. Dai kwamba hati ile haikuwa yake hata kidogo lilishindwa. Taasisi ile haikuhusika na uongo, na ilikuwa imekwisha kutoa fedha zake kwa kuiamini hati. Inauma kuisoma. Lakini inaonyesha kwa nini ni lazima umuunganishe mkopeshaji na uongo: aliusema yeye, au wakala wake, au aliujua, au alikuwa na kila sababu ya kuushuku.

Kuhusu ushahidi, hapo mzee sikubaliani nawe moja kwa moja. Siku hizi uongo mwingi hausemwi mdomoni tu. Uko kwenye tangazo, kwenye ujumbe wa simu wa afisa, kwenye ukurasa wa programu unaosema "riba kuanzia" kwa herufi kubwa na ada kwa herufi zisizosomeka, kwenye jedwali la marejesho lisilolingana na mkataba. Na kule ambako maneno yalisemwa mdomoni, wapo waliodanganywa kwa maneno yaleyale na afisa yuleyale. Karatasi moja dhidi ya mashahidi wanaoeleza maneno yaleyale si sawa na karatasi moja dhidi ya mtu mmoja.

---

#6 | msomaji_kimya

Swali fupi. Mkataba ukivunjwa, fedha nilizopokea zinakuwa zangu?

---

#7 | mleta_uzi

Kwa kawaida hapana, na naomba hili lisomwe na kila mtu.

Kuvunja mkataba uliopatikana kwa uongo ni kurudisha pande zote zilipokuwa. Wewe unarudisha mtaji, yeye anarudisha alichokupokonya. Mara nyingi kinachoanguka ni riba iliyofichwa, ada, adhabu, bima ya kulazimishwa, au rehani yenyewe. Mtaji uliokula unabaki ni deni la kurejesha. Ndiyo maana ninamkataza mtu yeyote kuuvunja mkataba kwa hasira kabla hajajua atautoa wapi mtaji.

Kuna mahali sheria iliwahi kwenda mbali zaidi. Wilson dhidi ya First County Trust, Uingereza: mwaka 1999 mama alikopa pauni 5,000 akaweka gari lake rehani. Ada ya hati ya pauni 250 ikaongezwa juu, na mkataba ukaandika kiasi cha mkopo ni 5,250. Sheria ya mikopo ya 1974 ilitaka kiasi cha mkopo kitajwe sawasawa, na ada haikuwa mkopo. Kosa hilo moja likaufanya mkataba usiweze kutekelezwa kabisa. Akabaki na fedha na gari. Mwaka 2003 mahakama ya juu ilithibitisha hivyo ikisema Bunge ndivyo lilivyotaka. Lakini Bunge lilibadili mawazo: kifungu kile kilifutwa na sheria ya 2006, na mikataba ya baadaye ikaachiwa busara ya mahakama.

Afrika Kusini nako ilikuwa hivyo kwa wakopeshaji wasiosajiliwa. Sheria ilisema mkopo wao ni batili na hawawezi hata kudai mtaji. Mtu mmoja alikuwa amemkopesha rafiki yake randi milioni 7 bila kujua kwamba alitakiwa kujisajili. Mwaka 2012, katika kesi ya Opperman, Mahakama ya Katiba ikasema kumnyang'anya mtu mtaji wake kwa jumla namna hiyo, bila kumpa jaji nafasi ya kupima, kunakiuka haki ya mali. Kwa hiyo mtu akikuambia "hawana leseni, hulipi kitu", mwombe akuonyeshe kifungu.

---

#8 | mwanafunzi_wa_sheria

Niongezee hapo kwenye mambo yaliyofichwa. Kuna kamisheni za madalali wa mikopo. Plevin dhidi ya Paragon, Uingereza, 2014: mama aliuziwa bima ya kulinda mkopo, na asilimia 71.8 ya fedha ya bima ilikwenda kwenye kamisheni bila yeye kuambiwa. Mahakama haikuhitaji kutafuta nani alisema uongo. Ilisema uhusiano wenyewe haukuwa wa haki. Kashfa ya bima hizo kwa ujumla iliwarudishia wateja zaidi ya pauni bilioni 38.

Agosti 2025 mahakama hiyohiyo ikaamua kesi tatu za mikopo ya magari. Mbili zilishindwa. Moja ilishinda, ambapo kamisheni ilikuwa asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo, na makaratasi yalimfanya mteja aamini muuzaji anamtafutia mkopo mzuri kati ya wakopeshaji wengi, wakati alifungwa kumpeleka kwanza kwa mmoja. Akarudishiwa kamisheni na riba juu yake.

---

#9 | mleta_uzi

Asante mwanasheria, hili la kamisheni nilikuwa nimelisahau kabisa kwenye mpango wangu na ni zito. Watu wachache sana huuliza: huyu anayenishauri nichukue mkopo huu, analipwa na nani?

---

#10 | mfanyabiashara

Mkataba wangu una kifungu kinasema "mkopaji anakiri kwamba hakutegemea maelezo yoyote nje ya mkataba huu." Sasa hayo maneno ya afisa yana maana gani tena?

---

#11 | mleta_uzi

Kifungu hicho kipo karibu kila mahali sasa, kimewekwa makusudi kuziba njia niliyoieleza juu. Nguvu yake inategemea mambo kadhaa.

Kama uongo ulikuwa wa makusudi, hakina nguvu. Tangu kesi ya Pearson dhidi ya Dublin Corporation, 1907, mahakama hazimruhusu mtu kujikinga na udanganyifu wake mwenyewe kwa kuandika kifungu. Na udanganyifu, kwa maana ya Derry dhidi ya Peek (1889), si lazima mtu awe anajua kwa hakika kwamba anasema uongo. Akisema bila kujali kama ni kweli au si kweli, inatosha.

Kama uongo haukuwa wa makusudi, Uingereza ina sheria ya 1967 inayotaka kifungu cha kujikinga kiwe cha haki na cha kuridhisha, na ni juu ya mkopeshaji kuthibitisha hivyo. Australia, kesi ya Henjo ya 1988 ilisema vifungu vya namna hii haviwezi kuizima sheria ya mwenendo unaopotosha, maana sheria hiyo inalinda umma, si watu wawili tu. Ila ukiwa kampuni yenye mawakili mezani, mahakama za kibiashara zina tabia ya kukushikilia maneno uliyoyasaini. Kwa hiyo mkuu, ukubwa wako na ushauri uliokuwa nao vitaangaliwa.

---

#12 | msomaji_kimya

Na deni likiuzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni? Wao wanasema "sisi hatukukudanganya".

---

#13 | mleta_uzi

Anayenunua deni ananunua na kasoro zake. Utetezi uliokuwa nao dhidi ya mkopeshaji wa kwanza unamfuata mnunuzi. Pa kuangalia ni kama ulisaini hati ya ahadi ya malipo inayohamishika, maana anayeipokea kwa nia njema anaweza kuwa na kinga. Marekani iliona wauzaji wanavyoitumia njia hiyo, na tangu 1976 kuna kanuni inayotaka mikataba ya mkopo wa manunuzi ya walaji iandikwe wazi kwamba yeyote atakayeishika atabeba madai ya mlaji. Usikubali jibu la "sio sisi" kabla hujaiona hati.

---

#14 | mdhamini_mwenye_swali

Mkuu, hakuna mwanasheria aliyenieleza. Na nimempata mdhamini mwingine aliyeambiwa maneno yaleyale na afisa yuleyale. Barua yao inanipa siku chache kabla ya kutangaza mnada. Naanzia wapi?

---

#15 | mleta_uzi

Anza leo, dada. Muda ndio adui yako wa kwanza, kwa sababu kila siku unayokaa kimya baada ya kujua ukweli itasomwa kama umeridhia.

Andika barua kwa mkopeshaji ukiitaja hati, tarehe uliyosaini, maneno uliyoambiwa, aliyeyasema, waliokuwepo, na lini uligundua kwamba si kweli. Sema wazi kwamba dhamana hiyo unaipinga na unaivunja kwa kadiri inavyohusu mkopo wa pili. Usiandike "naomba mnifikirie", wala usiombe kupunguziwa marejesho, maana ombi la namna hiyo linakiri deni. Omba nakala ya hati zote mbili za mkopo, taarifa ya akaunti, na karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ulipewa taarifa ya mkopo wa pili. Ipeleke kwa njia inayoacha uthibitisho wa kupokelewa, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Huyo mdhamini mwenzako aandike maelezo yake sasa, kabla hajasahau, na kabla hajaitwa pembeni akazungumze nao peke yake.

Ikiwa wanakubana ulipe kitu ili mnada usimame, na huna njia nyingine, lipa ukiandika kwenye barua na kwenye stakabadhi kwamba unalipa kwa kupinga na bila kukubali deni. Hiyo ni tofauti kubwa na kulipa kimya.

Lakini barua haisimamishi mnada. Kinachousimamisha ni amri ya zuio ya mahakama, na mahakama itakuuliza mambo matatu: kama kuna hoja ya kweli ya kusikilizwa, kama utaumia kwa namna ambayo fedha haiwezi kufidia, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. Nyingine zitakutaka uweke mahakamani sehemu ya kiasi kinachodaiwa. Uwe umejiandaa kwa hilo kabla hujaingia. Tafuta wakili au kituo cha msaada wa kisheria kesho asubuhi, ukiwa na ile hati, barua yao, na uthibitisho kwamba mkopo wa kwanza ulilipwa ukaisha. Huo uthibitisho wa mwisho ndio nguzo yako. Kama huna, mwombe shemeji yako autoe usiku huu.